Bunduki na risasi ya kuwinda kulungu milima ya Rocky: anza na umbali wako, kaliba baadaye

Ndugu zetu wengi waliohamia Colorado, Idaho, Utah na Montana sasa wanaingia kwenye uwindaji, na swali la kwanza huwa ni lile lile, ninunue kaliba gani, yaani bunduki ya risasi ya ukubwa gani? Jibu langu nalo ni lile lile, weka kaliba pembeni kwanza, niambie ukiwa umelala kifudifudi kwenye mawe, unahema, upepo unavuma, unaweza kupiga sahani kutoka umbali gani bila kukosa. Hapo ndo pa kuanzia. Dukani watakuuzia nguvu kwa sababu nguvu ni rahisi kuuza, lakini kulungu wengi wanaojeruhiwa wakaenda kufia mbali hawakupigwa na risasi dhaifu, walipigwa pasipotakiwa, na hapo utakuta sababu ni upepo, au umbali wa kukisia, au mtu kafumba macho sekunde ya kuvuta triga maana anaogopa teke la bunduki yake mwenyewe.

Mnyama ninayemuongelea ni yule wa magharibi ya Marekani anayeitwa mule deer, mwenye masikio makubwa. Dume aliyekomaa ni kilo 90 hivi, wengine wanazidi, kwa iyo sio mnyama wa kuhitaji mzinga. Sehemu ya moyo na mapafu ukimtazama ubavuni ni duara la inchi 10 hivi, yaani sentimita 25. Hilo duara likae kichwani muda wote maana ndilo linaloamua kila kitu kingine.

Shida yake ni makazi. Mwezi wa tisa madume wanakaa juu kabisa kwenye mabonde ya mawe na majani yaliyo juu ya mstari wa miti, huko Colorado ni kwenye mita 3,500, theluji ikianza wanashuka kidogo kidogo mpaka kwenye vichaka vya chini. Kule juu hamna pa kujificha. Analala chini ya jabali, mgongo kwenye mwamba, bonde zima liko mbele ya macho yake, na hewa ya mlima inamsaidia, asubuhi hewa ya baridi inateremka, jua likishapanda inageuka inapanda, harufu yako inamfikia kabla hujamaliza kupanga mpango. Kwa iyo kuna siku kweli hutaweza kusogea karibu ya yadi 300 (yadi ni pungufu kidogo ya mita). Ila kila yadi unayoweza kuipunguza kwa miguu yako ipunguze, usije ukapiga kutoka mbali kwa sababu tu bunduki imeandikwa inaweza.

Jipime kwanza

Chukua sahani ya inchi 8, ndogo kidogo kuliko lile duara, makusudi, kwa sababu porini moyo unadunda. Achana na meza ya renji (uwanja wa kulenga shabaha), meza inadanganya. Lala chini, bunduki juu ya begi lako au juu ya bipodi (miguu miwili ya kuegemeza mtutu), piga mara 10. Zikiingia zote 10 yadi 200, nenda 300, kisha 400. Pale zinapoanza kutoka, rudi nyuma hatua moja, huo ndo umbali wako kwa mwaka huu. Rudia tena ukiwa umetoka kukimbia kilima. Mtu anayeanza asione aibu umbali wake ukiwa yadi 200 au 250, hiyo ni nyama ya kutosha nyumbani. Wenye mazoezi ya kweli wanafika 400 mpaka 500, na zaidi ya hapo mimi kwa mnyama aliye hai simshauri mtu.

Kwa nini nakomaa na 500? Chukua kaliba ya 6.5 Creedmoor yenye kichwa (ile sehemu ya risasi inayoruka) cha greni 143, yaani gramu 9 hivi, inatoka kwenye mtutu kwa futi 2,700 hivi kwa sekunde. Ukiiziro yadi 200, yaani ukipanga skopu ili ipige ulipolenga kwa umbali huo, inashuka kama inchi 8 ikifika 300, kama 23 ikifika 400, na kama 45 ikifika 500, yaani zaidi ya mita moja. Huko kushuka sio tatizo kubwa siku hizi, kipima umbali na programu ya simu vinakuambia uzungushe kitasa cha skopu klik (hatua ndogo) ngapi. Tatizo ni upepo. Upepo wa maili 10 kwa saa ukipiga kutoka ubavuni unaisogeza risasi hiyo hiyo inchi 6 hivi kwenye yadi 300, na kwenye 500 inafika kama inchi 18. Inchi 18 na duara ni inchi 10! Ukikosea kusoma upepo kwa maili 3 tu, hapo ulipolenga moyo unapiga tumbo au unapiga hewa. Na bonde la mlima halina upepo mmoja, ulipolala wewe unatoka kushoto, katikati ya korongo unapanda juu, kwa mnyama umetulia. Hamna kifaa cha mfukoni kinachopima upepo wa katikati ya korongo. Alafu risasi inatumia zaidi ya nusu sekunde kufika yadi 500, na kulungu hatua moja anapiga kwa muda huo.

Karatasi kabla ya pesa

Hili wageni wengi wanaliruka. Mwenye green card anaweza kununua bunduki kihalali akipita ukaguzi, lakini aliye kwa viza ya muda, ya masomo au matembezi, sheria ya shirikisho kwa kawaida inamkataza hata kushika bunduki, isipokuwa kwa vighairi vichache, kimojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo la huku. Uliza wakili wa uhamiaji kama karatasi zako hazijakaa sawa, usiulize muuza duka.

Colorado aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baadaye lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji ndo apate leseni. Tagi (vibali vya kuua) za kulungu ni za bahati nasibu, maombi yanafungwa mapema mwezi wa nne, ukilala unasubiri mwaka mwingine. Toka Oktoba 2023 ukinunua bunduki unasubiri siku 3 ndo uichukue. Na sheria ya bunduki yenyewe kwa kulungu iko hivi: kaliba isipungue .24, yaani milimita 6, mtutu usipungue inchi 16, kichwa cha risasi kiwe cha kutanuka na kisipungue greni 70, na nguvu yake ibaki angalau futi-pauni (kipimo cha nguvu ya risasi) 1,000 ikifika yadi 100. Risasi za kijeshi zisizotanuka haziruhusiwi, na hata zingeruhusiwa ningekuambia usizitumie, zinatoboa tundu jembamba mnyama anakimbia kilomita. Kila jimbo lina kitabu chake cha kanuni na kinatoka upya kila mwaka, soma cha mwaka huu, usisome ulichoambiwa na jirani.

Sasa kaliba

.243 Winchester ya 1955 inapita kisheria, ina teke dogo sana, nzuri kwa kijana au kwa mama mwenye umbo dogo, ila ibaki ndani ya yadi 250 na kichwa kigumu kizuri. Kwa mlima mimi naona inabana.

6.5 Creedmoor, iliyotoka 2007, ndo ninayowashauri wengi wanaoanza, na najua wapo watakaonuna maana imeshakuwa kama fasheni. Sababu zangu ni za kawaida kabisa. Kichwa chake ni chembamba na kirefu kwa hiyo kinakata hewa vizuri, risasi zake ziko kila duka kuanzia mji mkubwa mpaka kituo cha mafuta cha kijijini, na teke lake ni chini ya nusu ya teke la .300 Winchester Magnum kwenye bunduki za uzito sawa. Teke dogo maana yake utafanya mazoezi, na hata siku ya siku utaona risasi yako inapiga wapi kupitia skopu, hii ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ukiona mpigo unajua urudie au usirudie, ukirushwa na bunduki unabaki unauliza wenzako "nimempata?". Hiyo greni 143 niliyoitaja ikifika yadi 500 bado ina futi 2,000 kwa sekunde na ushee. Inatosha kutanuka, inatosha kuua.

.308 Winchester ya 1952 na 7mm-08 ni za kundi moja, hasa .308 inashuka zaidi na upepo unaisogeza zaidi, ila kama unayo mojawapo tayari au umeachiwa na mtu, usiuze ukanunue nyingine, fanya nayo mazoezi. Kwa yadi 300 mnyama hajui tofauti.

.270 Winchester ni ya 1925 na imeua kulungu wa milima hii kwa karibu miaka 100. Kichwa cha greni 130 kinatoka kwa futi 3,060, kinaenda kwenye mstari ulionyooka, ukiziro yadi 200, basi mpaka 300 huna hesabu kubwa ya kufanya. Udhaifu wake ni twisti ya mtutu, nitaieleza chini. .30-06 ya 1906 ni bibi yao wote, rais wa zamani wa Marekani Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa mwaka 1909 mojawapo ya bunduki zake ilikuwa Springfield ya kaliba hii hii, na mpaka leo ukitaka bunduki moja ya kulungu na ya elki (jamii ya kulungu mkubwa zaidi) kwa pamoja hutajuta nayo, ila teke lake linaanza kuhesabika.

Halafu kuna za kasi: 6.5 PRC ya 2018, 7mm Remington Magnum ya 1962, 7mm PRC ya 2022, .300 Winchester Magnum ya 1963. Zina faida ya kweli, sikatai, upepo hauzisogezi sana kama hizo za juu na kosa dogo la umbali linasameheka. 6.5 PRC inatupa ile ile greni 143 kwa futi 2,960, nyongeza nzuri bila teke la kutisha, na kama mtu tayari anapiga vizuri na anataka kupanda ngazi moja, mimi ningemuelekeza hapo au 7mm PRC kama anawinda na elki pia. Lakini .300 kwenye bunduki nyepesi ya mlimani ni adhabu. Mtu ananunua, anapiga boksi moja, bega linavimba, haendi tena renji mpaka msimu, na mlimani anaanza kufumba macho. Breki ya mtutu (kifaa kinachofungwa mdomoni mwa mtutu) inapunguza teke kweli ila kelele yake inaua masikio, yako na ya mwenzako aliyelala karibu, kwa hiyo ukifunga breki plagi za masikio ni lazima hata porini.

Twisti na kichwa cha risasi

Ndani ya mtutu kuna mifuo inayoizungusha risasi ili isibinukebinuke hewani. Twisti ya 1:8 maana yake inazunguka mara moja kila inchi 8. Kichwa kirefu kinachokata hewa vizuri kinahitaji mzunguko wa haraka. 6.5 Creedmoor na 7mm PRC zilitengenezwa na 1:8 toka mwanzo, .270 nyingi za zamani zina 1:10, ndo maana haziwezi kutuliza vichwa virefu vizito vya kisasa hata kama baruti ipo. Kwa hiyo ukikuta bunduki ya mkononi kwa bei nzuri, kabla hujatoa hela angalia twisti, kwa kawaida iko kwenye mtutu wenyewe au kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Kichwa chenyewe kina makundi mawili makubwa. Cha risasi nyeusi (madini ya lead) iliyovikwa shaba kinatanuka kirahisi hata mwendo ukipungua, lakini karibu sana, yadi 60 au 80, vile laini vinapasuka begani na nyama ya mkono wote inakuwa damu tupu, na vipande vidogo vya risasi vinasambaa kwenye nyama mbali na tundu. Cha shaba tupu kinabaki kizima na kupenya ndani sana, hakiachi risasi nyeusi kwenye nyama ya watoto wako, na kuna sehemu ndo sheria, California ilipiga marufuku risasi nyeusi kwa uwindaji wote toka Julai 2019. Bei yake iko juu, na kinataka mwendo. Watengenezaji wengi wanaandika kiwango cha chini kabisa cha kutanuka, futi 1,800 kwa sekunde kwa vingi vya shaba, na wewe ongeza akiba, usimpige mnyama pale ambapo mwendo umeshuka mpaka kwenye huo mpaka. Hii namba ni muhimu kuliko futi-pauni zote zilizoandikwa kwenye boksi. Chukua kadi ya boksi, tafuta yadi ambayo mwendo unashuka chini ya 2,000, huo ndo ukuta wa risasi yako. Ukuta wako wewe labda uko karibu zaidi, basi fuata wa karibu.

Usinunue boksi la kwanza ukaridhika. Bunduki mbili za aina moja zinaweza kupenda risasi tofauti, jaribu aina tatu au nne, piga makundi ya risasi 10 sio 3, chagua inayolala pamoja. Inchi moja na nusu kwa yadi 100 inatosha kabisa kwa umbali tunaoongelea, usikeshe ukitafuta nusu inchi.

Bunduki yenyewe

Bolti, yaani ya kukoki kwa mkono kila risasi. Kwa mlima huu sioni sababu ya aina nyingine. Ukijumlisha bunduki, skopu, mkanda na risasi, lenga kilo 3.5 mpaka 4. Chini ya kilo 3 inapanda raha lakini ukiishika kulenga inacheza, kila pumzi inaonekana kwenye skopu, na teke linaongezeka. Juu ya kilo 4.5 utaichukia kabla hujafika kileleni, na mtu aliyechoka hapigi vizuri. Tikka T3x Lite ni mfano mzuri wa katikati, inakaribia kilo 3 bila skopu na inapiga vizuri toka dukani. Bergara B-14, Browning X-Bolt, Savage 110, Winchester Model 70, Ruger American kwa mfuko mdogo, zote ni za kazi. Mimi sina ugomvi wa majina, nina ugomvi na mtu anayetumia hela yote kwenye bunduki akabaki na skopu ya bei ya chakula cha mchana.

Mtutu inchi 22 hadi 24 unatosha, magnum (zile za kasi) zipe 24 mpaka 26. Ule wa chuma kisichoshika kutu una maana, theluji inaingia kila mahali. Kitako cha plastiki ngumu au cha kaboni ni bora kuliko mbao kwa huku, mbao ikinywa maji inavimba, inagusa mtutu, na ziro yako inahama bila kukuaga. Pitisha karatasi kati ya mtutu na kitako, ikipita mpaka karibu na chemba mtutu uko huru. Triga iwe kilo moja hadi moja na robo, isiyokwaruza. Na kabla ya yote hayo, ipandishe begani dukani ukiwa na koti nene, fumba macho, lenga, fungua macho, jicho likiwa limekaa katikati ya skopu bila kunyoosha shingo hiyo inakutosha. Dada zetu na watu wafupi waombe kitako cha kupunguzwa, wanauziwa vya watu wa futi sita alafu wanaambiwa hawajui kupiga.

Ukipanda, chemba iwe tupu. Mawe yanateleza na mwenzako yuko mbele yako. Risasi inaingia chemba ukishalala na mnyama umeshamuona.

Skopu, mteremko na hewa nyembamba

Ukuzaji wa 3-15 au 4-16 unatosha, yenye tareti (kile kitasa cha klik) unayoweza kuzungusha na inayorudi kwenye ziro na kugota hapo. Kama hesabu ya mita imekukaa kichwani toka shule chukua ya mil (kipimo cha pembe), mil moja kwenye mita 100 ni sentimita 10, klik moja ni sentimita moja, na kipima umbali nacho kiseti mita. Ukichanganya yadi za kifaa na mita za programu utakosa, na utailaumu risasi.

Mteremko unawakosesha wengi. Ukipiga kuelekea chini au juu, yote mawili risasi inakwenda juu kuliko ulivyozoea. Umbali wa yadi 400 kwenye mwinamo wa nyuzi 30 unaupigia kama yadi 346. Kwa ile 6.5 ukiweka klik za 400 unapita juu inchi 8 au 9, yaani unamkata manyoya ya mgongo. Nunua kipima umbali kinachosoma mwinamo chenyewe.

Na hewa: kwenye mita 3,000 hewa ni nyepesi kwa karibu robo kuliko usawa wa bahari, risasi haishuki sana wala haisogezwi sana kama chini. Ukitoka Houston au Minneapolis na klik zako za nyumbani utapiga juu kwenye umbali mrefu. Ingiza kwenye programu kanieneo la hewa la pale pale ulipo na joto lake, alafu fika siku moja kabla, piga risasi chache kwenye renji ya karibu na mlima uhakikishe ziro, maana bunduki iliyosafiri kwenye ndege au nyuma ya gari huwezi kuiamini bila kuiuliza.

Kwa Waislamu neno moja, bismillahi ni pale unapofyatua, na ukimkuta bado ana uhai lazima umchinje, kwa hiyo umbali unaochukua saa nzima kuuvuka korongoni ufikirie mara mbili kabla ya kuvuta.

Bajeti ikiwa ndogo, mimi ningeigawa hivi: bunduki ya bei ya kati ya 6.5 Creedmoor, skopu ya bei inayokaribiana na ya bunduki, kipima umbali cha mwinamo, kisha inayobaki yote risasi. Ukishapata aina ambayo bunduki yako inaipenda, rudi dukani haraka ununue boksi nyingi zenye namba moja ya loti (mkupuo mmoja wa kiwandani), imepigwa chapa kwenye mfuniko au ubavuni, kwa sababu loti ikibadilika mwendo unaweza kubadilika na klik zako zikahama. Za mazoezi na za kuwindia zitoke humo humo, boksi mbili ziweke kando za mlimani, zingine zimalize kiangazi chote ukiwa umelala chini juu ya begi, siku za upepo hasa.